Mlangoni kwa Mwenyewe

Manal hakuwa mtu wa kupiga simu asubuhi, kwa hiyo Hasina alipoliona jina lake alipunguza mwendo kwenye mteremko wa mlima, pale barabara ya Amerat inapoanza kushuka mjini Maskati, akajitayarisha kupokea msiba. Haukuwa msiba, bado. Khattab, mume wa Manal na mtoto wa ami yake Hasina, alikuwa na saratani ya koo, na hilo ukoo mzima ulilijua tangu Ramadhani. Jipya ni kwamba madaktari walikuwa wamempangia operesheni siku ya Jumapili. Wangelitoa zoloto lote, mahali sauti inapotoka. Akikubali, ana matumaini makubwa ya kuishi. Akikubali, pia, sauti yake ndiyo imekwenda, haitarudi. Na Khattab amekataa.

Manal alimwomba Hasina aende akamwambie, kwa kuwa wewe, alisema, anakusikiliza. Hasina alijua kwamba huo ni uongo wa mtu aliyekwama. Khattab hakuwahi kumsikiliza mtu. Yeye ndiye aliyekuwa akisikilizwa.

Na kwa nini asisikilizwe? Mungu alimpa mtu yule sauti ambayo haikumfaa kitu kazini, maana maisha yake yote alikuwa mpimaji wa viwanja, kazi ya kuchungulia na kunyamaza. Lakini akikaa kitako na watu, akaanza kusimulia, hata mwenye haraka alivua viatu. Alikuwa na sauti ya bibi kizee, ya punda mgonjwa, ya karani mwenye kiburi, ya zimwi lenye njaa na ya zimwi lililoshiba. Hasina aliyajua mazimwi hayo yote kwa majina, kwa sababu alipigana nayo akiwa msichana.

Hayo yalianza nyumbani kwa mama yake Khattab, Bi Sayyida, miaka ile familia zilizotoka Unguja zilipokuwa bado zinajifunza kuiita Maskati kwao. Mjomba mmoja aliyekuwa akisoma Uingereza aliwaletea watoto sanduku la mchezo. Ndani mlikuwa na vitabu vya Kiingereza na dadu za ajabu, moja ina pande nne, moja ina pande ishirini. Hapakuwa na ubao wala karata. Mmoja anakuwa msimulizi, anawaambia wenzake wako wapi na kuna nini mbele yao, na kila mmoja wa wenzake ana mtu wake wa kubuni, ameandikwa kwenye karatasi, nguvu zake na udhaifu wake. Ukitaka kufanya jambo gumu unarusha dadu. Mtu wako akifa, amekufa, unachukua karatasi nyeupe unaandika mwengine. Msimulizi hana upendeleo, na Khattab hakuwa nao hata kwa damu yake.

Walikuwa wanne, pamoja na Khattab msimulizi. Marhoon, jirani, alikuwa shujaa wa panga, mtu wa kukata kwanza na kuuliza baadaye. Ishaq, ambaye wazee wake walitoka Tabora na ambaye walimtania kwa Kiswahili chake cha bara mpaka akauzoea utani kama chumvi, alikuwa mchawi, ila Bi Sayyida alisema hapana mchawi atakayeingia nyumbani kwake, kwa hiyo wakamwita maalim. Hasina alikuwa Mwanahija, mwizi, mwenye vidole vinavyofungua kufuli lolote. Kwa nini binti wa watu mwenye adabu zake alichagua kuwa mwizi, hilo mama yake alilililia mpaka alipochoka.

Kitabu kilisema mashujaa wa mchezo ule huvunja milango kwa mateke. Marhoon aliupenda sana ukurasa huo. Siku moja Bi Sayyida akawasikia kutoka jikoni, teke hili, teke lile, akaja na mwiko mkononi. Akasema mtoto wa nyumba hii haingii nyumba ya mtu bila ya hodi, na hata mwenye nyumba akiwa shetani basi shetani naye ana mlango wake. Hodi mara tatu, ukijibiwa uingie, usipojibiwa urudi kwenu. Tokea siku hiyo ikawa ndiyo sheria ya mchezo. Sidhani kama kuna mashujaa wengine duniani waliopiga hodi kwenye mapango ya mazimwi. Mazimwi yalisikia, yakajitengeneza, yakashika marungu yao, ndipo yakaitikia karibu, na wageni wakaingia wakapigwa vizuri sana.

Mlango mmoja tu haukuitikiwa. Ulikuwa chini kabisa ya mlima, mwisho wa ngazi, na nyuma yake alikaa joka ambaye hakuna aliyethubutu kumpa jina. Wakimpigia hodi wakisema "hodi mwenyewe", basi wakamwita hivyo hivyo, Mwenyewe. Walishuka kwake mara nyingi. Hasina akipiga hodi, Khattab akikaa kimya, akiwatazama. Hodi ya pili, kimya. Ya tatu, kimya. Basi wakageuka wakapanda ngazi kurudi, wana wa watu wenye adabu, na Marhoon akitukana chini kwa chini. Kisha Marhoon akapelekwa masomoni, Ishaq akaenda Cairo, Hasina akaolewa, na mlango ule ukabaki umefungwa mpaka leo wote wana mvi.

Hayo yote yalimpitia Hasina kichwani alipofika mtaa wa Hail, nyumba ya pili kutoka msikitini, na Khattab akamfungulia mwenyewe.

"Karibu, bibie," alisema, na Hasina akasita kizingitini. Hakuwa amemsikia tangu Idi. Ile sauti aliyoijua ilikuwa imekwenda, na mahali pake palikuwa na kitu kizito, kinachokwaruza, kinachotoka chini sana kama jiwe la kusagia linapoanza kuzunguka. Khattab aliuona uso wake, akacheka, na cheko hilo nalo lilikuwa la jiwe.

Walikaa majlisi, kwenye ukumbi wa wageni. Hasina alianza maneno yake aliyoyapanga njiani, watoto, mke, Mungu hapendi mtu ajiangamize, na Khattab alimwacha mpaka akayamaliza. Kisha akainama mbele, macho yakimng'ara kama ya kijana.

"Hasina, n'shaipata."

"Umepata nini?"

"Sauti ya Mwenyewe. Ndo hii. Miaka yote ile n'likuwa nakunyamazieni si kwa ubaya. N'likuwa sina sauti inayomfaa. N'kijaribu chumbani peke yangu, inatoka ya paka. Leo Mungu kanipa, nyie mnataka n'ende n'kakatwe."

 Hasina alikuwa amejitayarisha kwa hoja, na hapa palikuwa na furaha. Akamuuliza, kwa upole, kama sauti ya joka inafaa mtu kuifia. Khattab akajibu kwamba yeye bila sauti si mtu, ni picha, na hataki kukaa ukumbini pale kama picha huku watu wakimpigia kelele kana kwamba ni kiziwi. Alilisema hilo bila kutania hata kidogo, na Hasina akajua kwamba kilichomkalia mtu huyu moyoni ni hofu, tena kubwa. Aliumia kwa ajili yake.

Basi akafanya jambo ambalo hakulipanga. Akatoka uani akampigia Marhoon, aliyekuwa mtaa wa Mabela akigombana na fundi wa tangi, na Ishaq ofisini kwake, akawaambia Ijumaa baada ya chakula, Hail, na dadu. Hakuna aliyeuliza dadu za nini. Manal aliposikia alikasirika, na haki yake. Alisema kwamba alimwita aje kumshawishi mgonjwa, naye kamletea mchezo wa watoto, ili apate kusema aliyotaka kusema kisha akafe vizuri.

 Hasina alihisi tu kwamba mtu hawezi kuachana na kitu ambacho hajakimaliza. Na pengine, na hili alilikiri moyoni kwa aibu, alitaka kumuona Mwenyewe.

Ijumaa walikula pilau, wakasali Alasiri, wakatandika mkeka katikati ya majlisi. Marhoon alikuja na kitambi na miwani ya kusomea. Ishaq alikuja na dadu mpya za buluu alizozinunua mtandaoni, wakamcheka, kisha kila mmoja akaziomba azishike. Karatasi zao za zamani zilikuwa zimepotea siku nyingi, wakaandika mpya kwa kukumbuka. Hasina aliandika Mwanahija, mwizi, na vidole vikawa vyepesi.

Khattab akafunga macho. Alipoyafungua alianza kusimulia, na ile sauti ya jiwe ikaijaza nyumba.

Jamani, ilikuwa sauti. Aliwapeleka mlimani, akawashusha ngazi, na Hasina alilisikia jasho la ukuta wa mawe kwenye viganja vyake ingawa kiyoyozi kilikuwa kinavuma juu ya kichwa chake. Kwenye kisima cha katikati wakamkuta kibwengo, lile jini dogo la majini, akawauliza fumbo kwa sauti iliyokuwa kama inatoka chini ya mkeka, na Ishaq, meneja mzima mwenye watu wa kumwamkia kila asubuhi, akainua miguu yake akaikalia. Wakatoka kisimani wakiwa wazima. Wakapita daraja. Walicheka, walirusha dadu, walizozana kama zamani nani ashike taa. Manal alikuwa akipita mlangoni na vyombo, akichelewa kidogo kila anapopita.

Hasina ndiye aliyeona kwanza. Maneno ya Khattab yalianza kukatika. Alisimama katikati ya sentensi, akanywa maji, akaendelea chini zaidi, akanywa tena. Alipowafikisha mwisho wa ngazi alikuwa ananong'ona, na walikuwa wameinama kumzunguka ili wasikie. Mlango, alinong'ona. Ule ule. Kisha akamtazama Hasina, akasubiri.

"Hodi, mwenyewe," alisema Hasina.

Khattab akafungua kinywa. Marhoon alitabasamu, akidhani anawatia hamu. Lakini Hasina alikuwa karibu, aliuona mshipa wa shingo ukisimama na midomo ikitengeneza neno, na neno halikutoka. Khattab akajaribu tena. Ikatoka pumzi tupu. Ile sauti aliyoingoja tangu utotoni, aliyotaka kufa nayo, ilikuwa imemwishia mlangoni.

"Hodi," alisema Hasina mara ya pili.

Sasa wote walijua. Ishaq aliitazama mikono yake. Manal alikuwa amesimama mlangoni na trei ya kahawa, hapiti tena. Khattab alikuwa anapigana na koo lake kama mtu anayevuta ndoo kutoka kisima kirefu, uso umemwiva, na machozi yalikuwa yanamtoka kwa nguvu anazotia.

Hasina angeweza kuiacha ya tatu. Angeweza kusema tumesikia karibu, tunaingia, na Marhoon na Ishaq wangeitikia mara moja kwa huruma. Lakini alimjua binamu yake. Huruma ingemmaliza kabla ya saratani. Ndani ya mchezo ule kila kitu kilikuwa cha kweli, ndiyo maana waliupenda, na sheria ilikuwa sheria. Akipiga ya tatu na asijibiwe, watarudi kwao, na Khattab atakuwa amethibitisha mbele ya watu anaowapenda kwamba bila sauti hakuna kitu nyuma ya mlango. Hasina aliogopa kuliko alivyoogopa siku ile simu ilipolia.

"Hodi."

Kimya. Kiyoyozi kilivuma. Marhoon, Mungu amlipe, akaanza taratibu kukusanya dadu. "Haya yakhe," alisema kwa upole ambao hakuwahi kuwa nao, "tutakuja siku nyengine." Wote walijua kwamba siku nyengine haipo.

Khattab akafunga kinywa.

Aliacha kupigana. Mabega yake yakashuka, mgongo ukanyooka, na uso ule uliokuwa umekunjamana ukatulia kabisa. Akageuza kichwa polepole sana kumtazama Marhoon, na mkono wa Marhoon ukasimama juu ya dadu. Akamgeukia Ishaq. Akamgeukia Hasina. Hayakuwa macho ya Khattab wa Bi Sayyida. Yalikuwa macho ya kitu kikubwa mno, kizee mno, kilichoamshwa na wageni wadogo na ambacho hakina haraka yoyote, kwa sababu tokea dunia iumbwe hakijawahi kuhitaji kumwambia mtu neno. Kisha akainua mkono wa kulia kutoka gotini, akaugeuza kiganja juu, akavifungua vidole kimoja kimoja.

Karibuni.

Hasina alikuwa bibi wa watu, na nywele zilimsimama chini ya mtandio. Alitaka kurudi nyuma. Alitaka kusogea mbele. Kwa muda hakuweza kukumbuka kwamba yuko Hail, na kwamba nje kuna magari na watoto na jua la alasiri.

"Shikamoo," alisema Ishaq.

Lilimtoka tu. Hakuna aliyecheka. Yule aliyekaa mbele yao aliinamisha kichwa, kidogo, kuipokea. Hasina alikuwa amelisubiri joka hili karibu umri wake wote, alikuwa ameliwazia sauti mia kichwani mwake, za radi, za moto, za nyoka, na hakuna hata moja iliyolifikia. Alielewa kwa nini Khattab hakuipata. Mwenyewe hakuwa na sauti. Hakuwahi kuwa nayo.

Marhoon, shujaa wa panga, mvunja milango, aliondoa miwani yake akasema kwa adabu kwamba silaha yake ameiacha nje.

Wakaingia. Khattab aliwaonyesha hazina kwa mkono mmoja, na mkono ukienda hivi waliona milima ya dhahabu, ukienda vile waliona mkia unaoizunguka. Alipotaka wajue ukubwa wa pango aliangalia juu, na wote watatu wakaangalia juu. Hasina aliona kwamba wangeweza kuaga na kutoka salama, wageni waliokaribishwa. Lakini Mwanahija alikuwa mwizi. Hakutembea njia yote ile, miaka yote ile, ili aage.

"Nachukua kikombe kimoja," alisema. "Kile kidogo. Cha pembeni."

Khattab hakushtuka. Aliuangalia mkono wa Hasina, kisha akamwangalia usoni, na akavuta pumzi. Aliivuta ndefu, kifua kikapanda, kikapanda, na Ishaq na Marhoon wakajivuta nyuma kwenye mito bila kujijua. Kisha akaitoa. Ilipita kwenye koo lile lililoharibika ikipiga mluzi mwembamba, mrefu, sauti ambayo haikuwa ya mtu. Karatasi zikapeperuka juu ya mkeka. Manal, kule mlangoni, aliikaza trei kwa mikono miwili.

Khattab akaisukuma mbele ya Hasina ile dadu ya pande ishirini. Kwa vidole akaonyesha kumi na tano, au zaidi, ili Mwanahija apone. Hasina akairusha, ikaviringika, ikagonga sahani ya halwa, ikasimama.

Nne.

Khattab hakumwonea huruma. Alipitisha kiganja hewani, kutoka juu kwenda chini, vile tunavyomfumba maiti macho. Mwanahija amekufa. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," alisema Marhoon, kisha akakumbuka anamsemea nani, akaomba msamaha kwa Mungu haraka haraka. Hapo ndipo kicheko kilipowashika, Ishaq akigaragara, Hasina akicheka huku analia, maana alimpenda yule mwizi wake, na hakuna kifo ambacho kingemfaa zaidi. Khattab naye alikuwa anacheka. Mabega yalimtikisika, meno yote nje, na hakikusikika kitu, na kilikuwa kicheko kile kile alichokuwa akikicheka nyumbani kwa mama yake kila alipowaua.

Akawatazama, mmoja baada ya mwengine, wakifuta macho. Aliona mto uliosukumwa ukutani. Aliona karatasi zilizotapakaa mkekani kwa pumzi yake. Hasina alimuona akiyahesabu hayo, akiyaelewa, na uso wake ukabadilika.

Akanyoosha mkono kwenye karatasi nyeupe zilizobaki, akachukua moja, akaiweka mbele ya Hasina, na penseli juu yake.

Hasina aliitazama. Anayekufa anaandika mwengine, kila mchezaji anajua. Lakini huandiki mtu mpya kwa mchezo uliokwisha.

"Wa kucheza lini, Khattab?" aliuliza.

Khattab aliinua kidole akakipitisha kooni, pale pale ambapo madaktari wangekata. Kisha akakivusha kidole hicho mbele, mbali, upande wa pili wa mkeka, akakigonga chini. Baada ya hapo.

"Baada ya operesheni?"

Akaitikia kwa kichwa, kwa kukosa subira, kama alivyokuwa akimfanyia mchezaji anayewachelewesha wenzake, akaigonga karatasi. Andika. Manal akakaa kitako pale pale mlangoni, trei mapajani, kahawa ikimmwagikia nguoni, akalia kwa sauti mpaka majirani wakasikia.